Maji ya Chumvi Nyuma ya Nyumba

Binti yangu alirudi nyumbani kwa likizo fupi na sweta inayonuka fomalini, ile dawa ya kuzuia miili isioze. Walikuwa wamepasua chura darasani, akaniambia, na glavu hazikutosha. Nilimwambia aivue akailoweke, nikafunga mlango wa bafu, nikaenda kukaa nje kwenye ngazi mpaka mboga ikaungua jikoni. Mimi si mtu wa kulialia, wanaonijua watawaambia. Ila harufu ile ikinipata nakuwa kama mtu aliyechomwa sindano ya ganzi kwa daktari wa meno. Naona kila kitu, nasikia kila kitu, na hakuna kinachouma.

Baba yangu alinuka hivyo siku zote. Alikuwa fundi wa maabara katika shule moja ya sekondari ya wasichana upande wa Rangwe, mwendo wa nusu saa kwa baiskeli kutoka kwetu. Jioni mimi ndiye niliyempokea mkoba, na kwangu harufu hiyo ilikuwa harufu ya baba, basi. Watoto wa wavuvi walipokewa na harufu ya samaki, mimi nilipokewa na fomalini, na sikuona tofauti. Kabla sijazaliwa alikuwa amefanya kazi pwani miaka kadhaa, kwenye kituo cha utafiti wa bahari, akiokota konokono na minyoo na kuwatia kwenye chupa. Babu alipofariki akaitwa kuja kushika boma. Alirudi na redio, na Kiswahili cha pwani ambacho watu wa kwetu walikicheka, na chupa moja yenye mnyoo.

Nyumbani tulisema Dholuo kama watu wote, lakini mimi na baba tulikuwa na mchezo wetu wa Kiswahili. Ilikuwa lugha ya sisi wawili. Mama alisikia akatikisa kichwa, akasema tunajifanya wageni ndani ya nyumba yake. Mama alikuwa mtu wa maneno machache na mikono mingi. Namkumbuka zaidi kwa mgongo, kwa sababu kila nilipomtazama alikuwa ameinama juu ya kitu, sufuria au shamba au kichwa changu akinisuka.

Walio rika langu watakumbuka miaka ile. Magugu maji yalikuwa yamefunika ziwa pale Homa Bay hata mashua zikakwama kama zimeegeshwa shambani. Na mazishi yalikuwa mengi. Jumamosi isiyo na mazishi ilikuwa jambo la kuzungumziwa. Sisi watoto tulicheza mazishi kama tulivyocheza kupika, mmoja akilala, wengine wakimlilia, kisha tunabadilishana zamu. Kwa hiyo nisidhaniwe kuwa mtoto ambaye hakujua kifo. Nilikijua vizuri, ila nilijua kile cha watu wengine.

Nilikuwa darasa la tatu mama aliposhika mimba. Baada yangu zilikuwa zimetoka mbili, na Dani, yaani nyanya yangu, mama yake baba, alikuwa ameanza kumtazama mama tumboni kabla ya kumtazama usoni. Safari hii mimba ilishika. Tumbo likakua mpaka mama akaacha kuinama, na mimi nikaanza kuogopa. Mwezi ule ule mke wa jirani alikuwa amefia kwenye uzazi, na wanawake pale kisimani walisema, bila kujali kwamba nimesimama na mtungi wangu, kwamba mtoto alikuwa mkubwa akampasua. Nililibeba neno hilo pamoja na maji mpaka nyumbani. Usingizi ukanitoka. Nilikuwa namtazama mama akinyoosha mkono kuchukua kitu juu ya kabati, na ngozi ya tumbo imevutwa hivyo, nikawa nangoja.

Mwishowe nikamuuliza baba, kwa Kiswahili chetu, kama mama atapasuka. Hakucheka. Jumamosi akanipandisha kwenye baiskeli, akanipeleka shuleni kwake, akafungua maabara. Wasichana walikuwa wamekwenda kufua, chumba kilikuwa kitupu. Akaishusha ile chupa yake ya pwani kutoka rafu ya juu, akaifuta vumbi kwa kiwiko, akaiweka dirishani.

Mnyoo alikuwa mrefu kama kiganja cha mtu mzima, amejikunja mara mbili, rangi ya chai iliyozidi maziwa. Alikuwa na pingili nyingi kama muwa, na kila pingili ilikuwa na vijiguu pande mbili, na kila kiguu kilikuwa na nywele ngumu. Nusu ya mbele vijiguu vilikuwa vyembamba. Nusu ya nyuma vilikuwa vipana, kama makasia. Alikuwa na macho manne makubwa meusi. Nilimwogopa nikampenda.

"Huyu anaishi chini, kwenye tundu la mwamba," baba akasema. "Wakati wa kuzaa ukifika, mkia wake unajaa mayai. Mkia unaota macho yake wenyewe. Mwezi ukifika siku zake, mkia unakatika, unapanda juu ya maji, unamwaga mayai, unakwisha. Lakini kichwa kimebaki chini, salama kabisa."

Nikauliza, halafu je.

"Halafu kinaota mkia mwingine. Pingili moja, nyingine, nyingine. Baada ya mwezi, miezi miwili, yuko mzima tena."

"Na mama?"

"Mama atabaki," baba akasema.

Niliuliza na habari za watoto, kwa sababu nilikuwa mtoto na jambo hilo lilinihusu. Akaniambia kwamba yai la mnyoo likianguliwa halitoi mnyoo. Linatoa kitu kidogo kisichoonekana kwa macho, chenye umbo la pia ya kuchezea, kimejifunga mkanda wa nywele kiunoni, kinazunguka na kuelea kinakokwenda maji. Hakuna anayekilisha. Hakimjui mama yake, na mama hakijui. Siku zikipita kinaanza kuota pingili kwa nyuma, kisha kinazama chini na kutafuta tundu lake. Nilirudi nyumbani nimekaa nyuma ya baiskeli nikiwa na furaha, na usiku ule nikalala.

Mama alipelekwa hospitalini Homa Bay kwa pikapu ya mtu wa sokoni. Alinipungia mkono kwa vidole tu, kwa sababu mkono wenyewe ulikuwa umeshika mbao za gari. Siku iliyofuata pikapu ikarudi. Dani akashuka akiwa na mtoto aliyefungwa shuka, na mkono wa pili alikuwa na mkebe wa mafuta ya kupikia, umefungwa kifuniko na juu ya kifuniko jani la mgomba. Baba alikuja nyuma yake. Akaja kusimama mbele yangu.

"Mama yako ametuachia mtoto," akasema.

Damu ilikuwa imemtoka ikakataa kukoma. Hilo nalijua leo. Siku ile nilisikia tu kwamba ametuacha, na nilijua kwamba kuachwa ni kwa muda, kwa sababu nilikuwa nimeelezwa jambo hilo na mtu ambaye hakuwahi kunidanganya. Niliuliza atarudi lini. Baba akageuka akaingia ndani.

Ndani ya mkebe kulikuwa na kondo la nyuma, ambalo kwetu tunaliita biero. Dani alikuwa amelidai pale hospitalini na hakuondoka mpaka akapewa. Kwetu mtu akikuuliza biero yako imezikwa wapi, anakuuliza kwenu ni wapi, na asiye na jibu ni mtu wa kuelea. Dani alichimba mwenyewe, nyuma ya nyumba karibu na migomba, mahali ambapo watu hawapiti. Mimi nilimshikia taa ya mafuta ingawa jua halijazama, kwa sababu alitaka niwe na kazi. Nilipouliza kile ni nini akaniambia ndicho kilichomshika mtoto na mama yake pamoja. Kisha akasukuma udongo kwa viganja, akaushindilia, akasema maneno ambayo nadhani alikuwa ameyasema nyuma ya nyumba nyingi kwa miaka mingi, kila mjukuu alipozaliwa: tunaizika vizuri ili mama azae tena. Hata hakugundua alichosema. Alijifuta mikono kwenye leso, akaniambia twende.

Mimi niligundua. Nilisimama pale na taa yangu, na maneno ya baba na maneno ya Dani yakashikana kichwani mwangu kama vipande viwili vya mti mmoja.

Kwa hiyo mama alipoletwa kwenye sanduku, na nduru zikaanza, na watu wakajaa uani mpaka wakakanyaga viazi, sikulia. Walinipeleka nimtazame. Alikuwa amevalishwa gauni la harusi ya dada yake, na pamba puani, na harufu ilikuwa harufu ya baba. Nilielewa kwamba hicho ndicho kipande kilichokatika. Kilikuwa kimepanda juu, kimemwaga kilichokuwa nacho, kimekwisha. Kile kilichobaki salama kilikuwa chini, karibu na migomba. Wanawake walinisifu kwamba nina moyo mgumu. Mmoja alisema mtoto huyu amekomaa. Nilikaa kwenye mkeka nikala mkate waliokuwa wakigawa wageni. Nakumbuka ulikuwa na siagi upande mmoja tu.

Siku ya pili baada ya mazishi nikaanza kazi. Mnyoo aliishi baharini, na bahari ina chumvi, baba alikuwa ameniambia hivyo mara mia. Sisi maji yetu yalikuwa ya kisima. Nikawa nachukua kikombe cha bati, nachota maji mtungini, natia chumvi gao moja la mkono, nakoroga kwa kidole mpaka inayeyuka, naonja, kisha nakwenda kumwaga pale. Asubuhi kabla ya shule na jioni kabla ya kuchunga mbuzi. Sikumwambia mtu. Sikuona kwamba ni siri, niliona tu kwamba ni kazi yangu. Dani akawa analalamika kwamba chumvi ya nyumba hii inaliwa na nani.

Mtoto, wakati huo, alikuwa ndani akilia. Alikuwa amezaliwa usiku, kwa hiyo Dani alimwita Atieno, ila kwa kuegesha tu, kwa sababu jina lenyewe lilikuwa halijatafutwa. Dani alimpa maziwa ya ng'ombe yaliyotiwa maji, kwa kijiko. Aliyatapika. Alimpa uji mwepesi kama maji ya kuoshea mikono, akautapika pia. Mikono yake ilikuwa myembamba na ngozi imelegea, kama amevaa nguo ya mtoto mkubwa. Dani aliniomba nimbebe, nikambeba nikiwa nimemweka mbali na kifua. Sikumchukia. Nilijua tu kwamba watoto wa aina hii hawalishwi na mtu, wanaelea wenyewe mpaka wanaota pingili, na kwamba kazi yangu mimi ilikuwa kule nje.

Mama mdogo, mdogo wake mama, alibaki baada ya mazishi. Alikuwa ameolewa Migori, anauza nguo za mitumba sokoni, na mgongoni alikuwa na mtoto wake wa miezi minne aliyenona mpaka hana shingo. Alimtazama Atieno siku tatu bila kusema neno. Siku ya nne akasema ana maziwa ya kutosha watoto wawili, ampeleke. Dani alikataa. Mtoto ni wa boma hili, alisema, biero yake iko hapa, haiwezekani aende kukulia kwa watu. Alitaka mimi nikae nyumbani muhula mmoja nimsaidie kulea, kisha tutaona. Wakabishana jioni nzima, kwa heshima, kila mmoja akitazama moto. Nilikuwa naosha vyombo. Mwishowe baba akaniita, akaniuliza kwa Kiswahili, mbele yao wote.

"Wewe unasemaje? Utaweza kumlea na Dani?"

"Achukuliwe," nikasema.

Sauti yangu naisikia mpaka leo. Haikutetemeka. Nilisema kama mtu anayeulizwa kama sufuria irudishwe kwa jirani. Hesabu yangu ilikuwa rahisi: mama akirudi atazaa wengine, Dani mwenyewe alikuwa amesema, na nikikaa ndani na mtoto nani atatia maji kule nje. Baba alinitazama. Nadhani alifikiri nimekuwa mtu mzima kwa siku kumi.

Hata hivyo Dani hakukubali. Alisema usiku huo hakuna mtoto wa kutoka. Asubuhi alikwenda nyuma ya nyumba kukata jani la mgomba, na tukasikia ameita jina la baba kwa sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia. Tukakimbia wote. Pale alipozika biero majani yalikuwa yamekauka, duara zima, manjano mpaka kahawia, na mgomba mchanga uliokuwa kando ulikuwa umelegea kama nguo iliyolowa. Kila mahali pengine palikuwa kijani, maana mvua ilikuwa imenyesha wiki ile. Mimi nilikuwa nimeliona duara hilo siku kadhaa likipanuka. Nilikuwa nimelifurahia, nikidhani kuna kitu chini kinasukuma juu.

Dani alikaa chini pale pale. Akasema kuna mtu. Hakusema nani, lakini alisema kuna mtu anayemtaka mtoto huyu kama alivyomtaka mama yake, amekuja usiku amemwaga dawa. Nilisimama nyuma ya baba na kikombe cha bati mkononi, nimekishika wazi, na hakuna aliyekiona. Ningeweza kusema. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikusema, na jibu langu si zuri: nilidhani wakijua watanizuia. Kabla jua halijawa kali Dani mwenyewe alikuwa amemfunga mtoto, amempa mama mdogo, akamwambia amtoe hapa na asimrudishe mpaka atumiwe habari. Mama mdogo akamweka mmoja mgongoni na mwingine kifuani akaondoka. Nilimsindikiza mpaka barabarani, nikarudi nikachota maji.

Mwezi ukapevuka mara moja, ukafifia. Ukapevuka mara ya pili. Baba alikuwa amesema mwezi mmoja, miwili. Nyumba ilikuwa kimya, Dani alipika, baba alikwenda kazini akarudi, nilimpokea mkoba. Hakuzungumza tena Kiswahili nami, na mimi sikumwanzishia. Siku ya mwezi mpevu wa pili niliporudi shuleni nilichukua jembe dogo la Dani nikaenda kuchimba. Nilichimba taratibu, na chini nikaenda kwa vidole, nisije nikamuumiza.

Baba alinikuta hapo. Alikuwa bado anashikilia baiskeli. Kwetu kufukua biero ni jambo ambalo mtu hulifanya kwa ubaya tu, na nilijua, na nilipoona kivuli chake sikuacha. Nilikuwa nimefika kwenye nyuzi za jani la mgomba zilizooza. Chini yake kulikuwa na udongo. Nikauliza kama nimechimba mapema.

Aliiacha baiskeli ianguke. Alipiga magoti, akachukua udongo kidogo, akaunusa, kisha akauweka kwenye ncha ya ulimi kama anavyofanya mtu wa maabara asiyefuata masharti.

"Chumvi," akasema. Kisha, "Kwa nini?"

Nikamweleza. Nilimweleza yote kwa Kiswahili, kwa mpango, kichwa na mkia na mwezi na bahari, kama ninavyosoma shairi mbele ya darasa. Sikuwa na huzuni. Nilikuwa kama mfanyakazi anayetoa ripoti. Nilimaliza kwa kumuuliza, tulipomzika mama kwenye sanduku, kile kilikuwa kichwa au mkia.

Baba alikaa kwenye udongo na suruali yake ya kazi.

"Minyoo niliokuambia wapo," akasema. "Lakini wa kwenye chupa si wa aina hiyo. Wa kwenye chupa hubadilika mwili wote. Macho yanakuwa makubwa, anaacha kula, anapanda juu. Anapasuka mzima. Hakibaki kichwa, haubaki mkia."

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Kwa nini hukusema?"

"Ulikuwa unaogopa," akasema. "Na mimi nilikuwa naogopa."

 Mbuzi walikuwa wanalia kwa sababu hakuna aliyewafungulia. Nilingoja kitu kije, maana niliona kwamba sasa ndio wakati wake, lakini hakikuja, ikawa ni kama kusubiri kupiga chafya. Tulirudisha udongo pamoja. Baba aliingia ndani akamwambia Dani kila kitu, na mimi nikasimama mlangoni nikingoja fimbo. Dani alisikiliza mpaka mwisho. Hakunipiga. Aliitazama mikono yangu, akasema kwa sauti ya chini kwamba basi hakuna mtu, na kama hakuna mtu, mtoto arudishwe kwao.

Nilikwenda na baba Migori. Dani alitufungia mayai na kuku mmoja wa kumshukuru mama mdogo, na shuka jipya la kumbebea mtoto. Mimi ndiye niliyeomba niende. Nilikuwa nimeambiwa nitamlea, nikakubali, na njia nzima nilikuwa nikipanga jinsi nitakavyomshika, karibu na kifua safari hii. Hilo ndilo jambo la kwanza nililolitaka kwa moyo tangu mama alipoondoka. Nilikuwa nimemtoa kwa neno moja na nilitaka kumchukua kwa mikono miwili.

Mama mdogo alikuwa na chumba kimoja nyuma ya soko, na marobota ya mitumba mpaka darini. Alikuwa amekaa kwenye robota mojawapo akinyonyesha. Sikumtambua mtoto wetu. Mashavu yalikuwa yamejaa, mikono ilikuwa na mikunjo kwenye vifundo, na nywele zimeota. Baba alitoa salamu, akatoa mayai na kuku, akaeleza kwa unyenyekevu yaliyotuleta, na habari ya chumvi akaieleza pia, bila kunitazama. Mama mdogo hakukasirika. Alimhamisha mtoto kwenye titi la pili na kusema bila haraka, kwa Kiswahili kile cha soko la Migori, kwa sababu nadhani alitaka mimi nisikie moja kwa moja, kwa lugha yangu na baba.

"Huyu alifika hapa akalia siku tatu. Ata kunyonya alikataa. Tukaita wamama wa hapa, wakamtajia majina. Watu wote wa kwenu walioenda, mmoja mmoja. Analia tu. Sasa mimi nikajaribu jina la dadangu. Nikasema, kama ni wewe, Achieng', nyonya. Akanyamaza. Akanyonya saa hiyo hiyo."

Baba aliinuka. Akatoka nje, na nilimwona kupitia dirishani ameelekea ukutani.

Achieng' lilikuwa jina la mama. Ni jina la anayezaliwa jua likiwa limewaka, na huyu alizaliwa usiku, lakini marehemu akitaka jina lake lirudi haulizi saa, na mtoto akinyamazia jina, mwenye jina amerudi ndani yake. Kila mtu kwetu anajua hivyo, nami nilijua hivyo. Nilisimama katikati ya chumba kile na shuka jipya mkononi, na nikaelewa kwamba mama alikuwa amerudi kweli. Alikuwa amerudi zamani, nilipokuwa nikikoroga chumvi. Alikuwa ndani ya nyumba yetu akilia, na nilikuwa nimembeba mbali na kifua, na nilipoulizwa nilisema achukuliwe. Hapo ganzi ikanitoka. Kila kitu kikauma.

Mama mdogo akaona uso wangu. Akasogea kunipa nafasi kwenye robota. Akaniambia nimshike, nikamshika, na mara mtoto akakunja uso akaanza kulia, akajinyonga mgongo, akanyoosha mikono kwa mama mdogo. Nilimbembeleza kwa kila namna niliyoijua. Mwishowe mama mdogo akamchukua, akamtia titini, kilio kikakatika.

"Mwite," akaniambia. "Akikuzoea sauti atakuja. Mwite jina lake."

Nikafungua mdomo. Jina la mama sikuwa nimewahi kulitamka hata siku moja, maana mtoto hatamki jina la mzazi wake, na halikutoka. Likatoka lile lingine, nililokuwa nikimwita siku zote.

"Mama," nikasema.

Hakugeuka. Aliendelea kunyonya, mkono wake mdogo umeshika blauzi ya mama mdogo. Nililikunja lile shuka, nikaliweka juu ya robota karibu nao, nikatoka nje kumwambia baba kwamba tunaweza kwenda, sisi wawili.